Treisa za asidi amino kwa uvimbe wa ubongo: tuanze na ipi, na seli tuzipime vipi?

Bi_Shella (Malindi)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naandaa andiko la mradi wa uzamili kuhusu treisa za asidi amino, yaani molekuli zilizotiwa mionzi kidogo, za kupigia picha uvimbe wa ubongo, hasa glioma (uvimbe unaotokana na seli za ubongo wenyewe). Niko Malindi. Kazi ya kutia mionzi itafanyika Nairobi kwenye saiklotroni (mashine ya kutengenezea atomi zenye mionzi), kisha kiasi kidogo cha treisa kije huku kwa ndege kwa ajili ya vipimo vya seli, mradi maabara ipate kibali cha KNRA, mamlaka ya nyuklia ya Kenya. Wagonjwa wa Malindi na Lamu watapigiwa picha huko huko Nairobi, maana huku hatuna kamera ya PET, inayoonyesha treisa ilipojikusanya mwilini.

Kwa nini tusitumie FDG (glukosi yenye mionzi), hilo nalijua: ubongo wenyewe ni mlaji mkubwa wa glukosi, hivyo uvimbe humezwa na mng'ao wa sehemu zenye afya. Nataka mambo ya mikono. Kati ya methionini ya kaboni-11, FET na fluciclovine, mwanzo mwema ni upi? Katika kuitengeneza FET, mavuno hupotelea hatua gani, na umbo la D, yaani pacha wa kioo wa umbo la L tunalolitaka, huingia wapi? Na la tatu ndilo linaloniumiza kichwa: miongozo ya kupima jinsi seli zinavyovuta treisa haipatani. Huyu aosha kwa bafa ya joto, yule kwa barafu. Huyu huziweka seli kwenye DMEM (kimiminika cha kukuzia seli), yule kwenye HBSS (bafa ya chumvi). Tofauti hizi zina uzito, au ni mazoea ya kila maabara?

Kutoka treisa imalizwe Nairobi hadi iguse seli nimekadiria saa 4, pamoja na ukaguzi wa ubora, barabara, ndege na kuteremsha.

Kemia_F18

Wa aleikum salaam dada. Kwa saa 4 hizo, swali la kwanza limeshajijibu. Kaboni-11 ina nusu-uhai (muda wa mionzi kupungua nusu) ya dakika 20.4, kwa hiyo ikifika Malindi imebaki kama sehemu tatu katika elfu kumi. Florini-18 ina dakika 109.8, na baada ya saa 4 bado unayo asilimia 22. Methionini ni treisa nzuri sana, lakini ni ya hospitali iliyo na saiklotroni mlango wa pili.

Kati ya mbili zilizobaki nashauri FET, yaani tairosini iliyoongezwa mkia wa floroethili, iliyotoka Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1990. Sababu ni kwamba FET huingia kwenye seli na kuishia hapo. Haijengwi ndani ya protini. Unachohesabu ni usafirishaji peke yake. Methionini hujengwa ndani ya protini na kuingia njia nyingine za kikemia, hivyo namba yako inachanganya mambo mawili. Fluciclovine, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Emory na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016 kwa saratani ya tezi dume iliyorudi, hupita milango miwili ya asidi amino kwenye utando wa seli, ASCT2 pamoja na LAT1. Njia mbili kwa mradi wa kwanza ni mzigo, iache iwe ya kulinganishia baadaye.

Sasa utengenezaji. Floraidi (florini-18 yenyewe) hutoka kwenye shabaha ya saiklotroni ikiwa ndani ya maji yenye oksijeni-18. Inanaswa kwenye katriji ya QMA, inasukumwa nje kwa Kryptofix 2.2.2 na kaboneti ya potasiamu ndani ya asetonitraili na maji kidogo, halafu inakaushwa kwa joto la nyuzi 95 hadi 110 chini ya mkondo wa naitrojeni na pampu ya utupu. Unaongeza asetonitraili kavu na kukausha tena, mara mbili ikibidi. Mavuno mengi yanapotea hapa. Maji yakibaki huizunguka floraidi na kuizuia isishambulie kitangulizi (molekuli inayopokea florini), na mchanganyiko unakaa bure dakika zake zote. Ukiona mavuno yanashuka ghafla bila wewe kubadili kitu, usikimbilie kulaumu kitangulizi. Tazama kwanza shinikizo la utupu, mkondo wa gesi, na asetonitraili iliyofunguliwa siku nyingi. Kwa hewa ya pwani ningesema chupa ikifunguliwa ihesabiwe imeshalowa.

Kitangulizi cha kawaida ni tairosini ya L iliyofungwa pande mbili, tritili kwenye naitrojeni na esta ya tet-butili kwenye asidi, ikiwa na tosili mwishoni mwa mkia, inayoachia floraidi nafasi. Weka miligramu 10 hivi ndani ya mililita 1 ya asetonitraili, nyuzi 85 hadi 110, dakika 5 hadi 10. Kinga zote mbili hutolewa kwa asidi hidrokloriki ya mola 2, kwa joto, kama dakika 10, halafu unasawazisha kwa sodiamu haidroksaidi na bafa.

Umbo la D huzaliwa kabla ya hatua ya asidi, wakati esta ingalipo. Hidrojeni ya kaboni ya alfa ni legelege pale, na kaboneti nyingi kwenye joto huichomoa. Ikirudi, yaweza kurudi upande wowote. Kwa hiyo kaboneti iwe kidogo kadiri katriji inavyoweza kuachia floraidi, na muda wa joto usirefushwe ili "kuongeza mavuno". Kaboneti ikizidi ina hasara nyingine pia: humeza tosili na kukuachia mkia wa vinili au wa haidroksili, na vitu hivyo hukaa karibu na FET kwenye HPLC (mashine ya kutenganisha kemikali kwa safu). Pima pia usafi wa kitangulizi chenyewe, kwa safu ya HPLC inayotenganisha L na D, kabla ya kulaumu mchakato.

Jambo ambalo maandiko hulipita haraka: baada ya asidi, tritili hubaki kama pombe isiyoyeyuka kwenye maji. Utaona ukungu mweupe, kama maji ya mchele. Ukiusukuma moja kwa moja kwenye HPLC umeziba safu katikati ya uzalishaji, na dakika 109.8 hazikungoji. Pitisha kwanza kwenye kichujio au katriji, ongeza na ya alumina ili inase floraidi ambayo haikushika. Kisha safu ya C18, na kimiminika cha kusukumia chenye maji, bafa na ethanoli asilimia 10. Ethanoli si sumu kama asetonitraili, kwa hiyo tunda la HPLC unalitayarisha kwa sindano bila kulikausha tena, unapunguza makali yake tu na kulipitisha kwenye kichujio cha maikromita 0.22.

Kemia_F18

Nilisahau ukaguzi. Kwa HPLC peke yake utadanganyika kuhusu floraidi huru, kwa sababu sehemu yake hung'ang'ania kwenye silika ya safu na haitoki, kisha karatasi inakuonyesha usafi ambao haupo. Fanya na TLC ya silika (kutenganisha kwenye kibati chembamba) kwa asetonitraili na maji 80 kwa 20: floraidi hubaki mstari wa kuanzia, FET hupanda. Usafi wa kimionzi uwe angalau asilimia 95. Nusu-uhai uliopimwa uangukie kati ya dakika 105 na 115. pH iwe 4.5 hadi 8.5, Kryptofix ipimwe kwa doa la iodoplatineti, asetonitraili iwe chini ya 410 ppm, na kichujio kipimwe shinikizo la mapovu kabla hujaondoka, kwani jibu la kipimo cha vijidudu huja siku 14 baadaye, treisa ikiwa imeshakwisha kabisa.

Kwa seli tu, huhitaji masharti yote ya sindano. Lakini usafi wa kimionzi na usafi wa L usivisamehe hata kwa seli, maana umbo la D hupita LAT1 kwa shida na huvuta namba zako chini bila ya sababu kuonekana.

Mwalimu_Mambrui

Dada, hilo swali la tatu ndilo zito kuliko yote, na la, si mazoea. Miongozo ile haiwezi kutoa namba moja hata kama treisa na seli ni zile zile.

LAT1, ambayo ndiyo inayopitisha FET, haifanyi kazi kama bomba. Ni mlango wa kubadilishana: asidi amino moja ikiingia, nyingine lazima itoke, na mara nyingi inayotoka ni glutamini iliyomo ndani ya seli. Shika hilo na miongozo yote itakueleza yenyewe kosa lake liko wapi.

Anza na DMEM. Ndani yake mna lusini kama 0.8 mM na feniloalanini kama 0.4 mM. LAT1 hujaa kwa makumi ya maikromola tu. Ukiongeza treisa ndani ya DMEM, mlango umeshasongamana na treisa yako haipati nafasi. Ndiyo maana wanaotumia DMEM huripoti uvutaji hafifu na kusema seli zao "hazina LAT1". HBSS haina asidi amino, ina chumvi na glukosi tu. Tumia HBSS.

Lakini usizidishe. Wako wanaoziacha seli kwenye HBSS saa nzima ili "kuzisafisha", na hapo akiba ya ndani ya asidi amino inashuka. Hakuna cha kutoka, basi hakuna kinachoingia. Dakika 10 hadi 15 kwenye nyuzi 37 zatosha kabla ya kuweka treisa. Muda huu uandike kwenye andiko, na uwe ule ule kwa kila sahani.

Kuosha sasa. Seli zikishavuta treisa, ukizimwagia kimiminika cha joto chenye asidi amino mlango hugeuka: lusini inaingia, FET inatoka, na dakika mbili tatu zatosha kukupotezea sehemu kubwa ya hesabu. Kuosha kwa bafa ya joto isiyo na asidi amino si kubaya kiasi hicho, ila uvujaji upo. Barafu husimamisha kila kitu. Osha mara tatu kwa PBS iliyokaa ndani ya barafu, mililita 1 kila kisima, na sahani yenyewe iwe imekaa juu ya barafu. Tatizo la barafu ni kwamba baadhi ya seli huachia sakafu zikipoa na kwenda na maji. Ukiona protini ya visima inayumba kuliko hesabu ya mionzi, sababu ni hiyo; paka visima poli-lisini siku moja kabla.

Utaratibu ningeuandika hivi. Seli laki mbili kwa kila kisima cha sahani ya visima 24, siku moja kabla, zifike asilimia 80 hivi ya kufunika sakafu. Usingoje zijae pomoni, kwa sababu seli zinazogawanyika ndizo zenye LAT1 nyingi, na zikibanana hupunguza. HBSS mililita 0.5, treisa 0.2 MBq (megabekereli, kipimo cha mionzi) kwa kisima. Simamisha kwenye dakika 5, 15, 30 na 60, visima vitatu vitatu. Yeyusha kwa sodiamu haidroksaidi ya mola 0.5, hesabu, kisha tumia kimiminika hicho hicho kupima protini kwa BCA. Weka sahani moja kwenye nyuzi 4 muda wote. Itakachokamata hiyo si usafirishaji bali ni kunata tu, na ukitoe kwenye kila namba.

Mwanafunzi_Kilifi

Mwalimu, kuthibitisha kwamba ni LAT1, kizuizi cha BCH 10 mM peke yake chatosha?

Mwalimu_Mambrui

Hakitoshi. BCH hufunga mfumo wote wa L, yaani kundi la milango ambamo LAT1 imo, na sodiamu ikiwapo hugusa pia kundi jingine, mfumo wa B0,+. Fanya kwa bafa mbili: moja ya kawaida, nyingine ambayo kloridi ya sodiamu imebadilishwa na kloridi ya kolini. Kinachoingia bila sodiamu na kikazimwa na BCH ni cha mfumo wa L. Tofauti kati ya bafa mbili bila BCH ni ya mifumo inayotegemea sodiamu, na kwa FET inatakiwa iwe ndogo. Ikiwa kubwa, rudi utazame usafi wa treisa. Ongeza MeAIB 10 mM, kizuizi cha mfumo wa A, ambao nao hutegemea sodiamu. Baada ya hapo, kutenga LAT1 na ndugu yake LAT2, tumia JPH203, kizuizi ambacho huichagua LAT1.

pH ya kila bafa isawazishwe upya kuwa 7.4 baada ya kuongeza BCH. Wengi huliruka hili, kisha wanapima athari ya pH na kuiita kizuizi.

Bi_Shella (Malindi)

Allah awazidishie. Mwalimu, sasa nimeelewa kwa nini namba za maandiko mawili niliyokuwa nikilinganisha hazikukaribiana. Nina mawili ya mwisho. Niagize kiasi gani kutoka Nairobi? Na wagonjwa wa huku waandaliwe vipi, ikizingatiwa safari yao?

Kemia_F18

Visima 24 kwa 0.2 MBq ni karibu 5 MBq. Ongeza viwango vya kulinganisha, kunata kwenye sindano na sahani ya pili. Omba 20 MBq ziwepo mkononi Malindi. Kwa asilimia 22 hiyo ni kama 90 MBq wakati wa kumaliza, basi agiza 120, ndege huchelewa.

Jambo moja la kuangalia: mionzi inapungua njiani lakini molekuli za FET isiyo na mionzi hazipungui. Ikiwa ilitoka na 50 GBq kwa kila maikromoli, itafika na 11 hivi. Kwa 0.2 MBq ndani ya mililita 0.5 hiyo ni kama 36 nM, mbali mno chini ya kinachoujaza mlango wa LAT1, kwa hiyo uko salama. Ungekuwa unapima kitu kinachoshika kipokezi kwa nguvu, hesabu hii ndiyo ingekuzuia. Ethanoli nayo ibaki chini ya asilimia 1 kwenye kisima. Maikrolita 10 za myeyusho wa asilimia 10 ndani ya 500 ni 0.2, haina neno.

Kifurushi ni cha aina A, daraja la 7 la mizigo hatari, na karatasi zake zitangulie. Si kila ndege ndogo inayotua Malindi hupokea daraja hilo, kwa hiyo shirika liulizwe kabla tarehe haijapangwa. Miale ya 511 keV ni mikali: kila milimita 4 hadi 5 za madini ya risasi huikata nusu tu. Chombo kitakuwa kizito kuliko unavyodhani, mpokeaji awe na kigari.

Langoni_Lamu

Upande wa wagonjwa, dada, ni LAT1 ile ile aliyoieleza Mwalimu, safari hii iko kwenye mishipa ya ubongo na kwenye uvimbe. Damu ikiwa imejaa asidi amino za chakula, FET inapigania nafasi kama ilivyo ndani ya DMEM, na picha inafifia. Kwa hiyo mgonjwa asile kwa saa 4 angalau kabla ya sindano. Maji anywe.

Mgonjwa wa Lamu atavuka kwa mashua hadi Manda, apande ndege, na kabla ya hapo nyumbani wamemwandalia mahamri kwa mbaazi za nazi, maana ni msafiri. Mbaazi ni protini. Akimaliza kula saa 12 asubuhi, sindano isiwe kabla ya saa 4 asubuhi. Saa za safari zinasaidia, balaa ni vya mkononi: korosho, mayai ya kuchemsha, maziwa kwenye chai akifika Nairobi. Maelekezo ya "usile" pekee hayatoshi, kwa sababu wazee wetu wengi hawahesabu chai ya maziwa kuwa ni chakula. Taja kila kitu kwa jina, na umwambie anayemsindikiza, maana ndiye anayenunua.

Dozi ya mtu mzima ni karibu MBq 185. Kwa picha tuli, kusanya kutoka dakika ya 20 hadi ya 40 baada ya sindano. Lakini kama mashine ina nafasi, mlaze mgonjwa kabla ya sindano na ukusanye mfululizo dakika 40 hadi 50, kwani mkunjo wa uvutaji kwa muda una habari ambayo picha tuli haina: unaopanda pole pole mara nyingi ni wa daraja la chini, unaofika kilele mapema kisha ukashuka ni wa daraja la juu. Mara nyingi, si kila mara. Uwiano wa uvimbe kwa ubongo wenye afya unaotumika sana kama mpaka ni 1.6. Eneo la kulinganishia lichorwe upande wa pili wa ubongo, liwe kubwa, lichukue kijivu na cheupe pamoja; likichorwa dogo kwenye kijivu tupu uwiano unashuka na uvimbe wa kweli unaweza kupita chini ya mpaka.

Andika pia lini mgonjwa alipata kifafa mara ya mwisho, kwa sababu gamba la ubongo lililotoka kwenye degedege huweza kuvuta FET kwa muda na kuonekana kama uvimbe. Na picha isiyoonyesha kitu isisomwe kuwa hakuna uvimbe. Wa daraja la chini upo usiovuta, kwa hiyo MRI ya karibuni iwe mezani daima.

Mwalimu_Mambrui

Moja la kuongezea upande wa kaunta. Visima 24 vikihesabiwa dakika moja moja, cha mwisho kimeshapoteza asilimia 14 kwa kungoja foleni tu, kwa hiyo kila namba irudishwe kwenye saa moja ya rejea. Washa dirisha la 400 hadi 600 keV, na uhesabu pia kiwango kilichozimuliwa mara 100 kutoka treisa ile ile, ndicho kitakachogeuza hesabu kuwa asilimia ya kilichowekwa. Kiwango kisichozimuliwa huzidi uwezo wa kaunta, nayo huhesabu pungufu, na asilimia zako zote zinapanda kwa uongo.

Saa ya kaunta ya huku ilinganishwe na ile ya kipima dozi cha Nairobi kabla kifurushi hakijaondoka. Zikitofautiana dakika 10, kila namba kwenye jedwali itakuwa na kosa la asilimia 6, na hakuna chochote ndani ya data kitakachokuonyesha.